Aliyebeba Mlango

Wanaosimulia habari za majini hupenda kuanza na moshi, paka mweusi na kicheko cha usiku wa manane. Utapeli mtupu. Jini la hadithi hii lilianza na honi ya gari, jioni, jua bado linaonekana, na aliyeipiga honi hiyo alikuwa mtu mzima mwenye akili timamu.

Alikuwa mwalimu wa udereva. Wanafunzi walimwita Breki, kwa kuwa kila somo lake lilianza kwa neno hilo na kuishia kwa neno hilo. Gari lake lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine miguuni pake, na mdomo wake ndio ulikuwa breki ya tatu. "Usiingize gari mahali ambapo hujamwona aliye mbele yako!" alifoka, mate yakiruka. "Hata kama ni kwenu! Hata kama ni kwa mama yako mzazi! Umesikia?" Walisikia. Mtaa mzima ulisikia.

Lakini mtu huyo mkali alikuwa na uvivu wake mmoja. Kila jioni alisimamisha gari mbele ya gereji ya nyumba yake na kupiga honi fupi. Mkewe aliacha sufuria jikoni, akapita mlango mdogo wa ndani, akauinua ule mlango mkubwa wa bati mpaka ukalala juu chini ya dari. Kisha aligonga bati kwa pete yake ya ndoa, ko-ko, maana yake pita.

"Ahsante, bibie," Breki alisema dirishani.

"Zee la honi," mkewe alijibu. "Mikono yako ni ya maonyesho? Siku nikifa utalala nje na hilo gari lako."

Wakacheka, miaka nenda miaka rudi. Breki hakuwahi kuuinua mlango ule kwa mikono yake, hata siku moja. Hakujua uzito wake. Lishike hilo, msomaji, maana balaa lote limeanzia hapo.

Mke akafa. Moyo tu, alasiri moja, bila kuaga. Watu wakaja, wakalia, wakala, wakaondoka, kama watu wafanyavyo. Binti yao wa pekee akakaa mpaka likizo ikaisha, akachukua vitu vidogo vya mama yake vya ukumbusho, akarudi mji wa mbali alikoolewa. Siku zote hizo za msiba gari lililala nje, chini ya vumbi.

Siku Breki aliporudi kazini, jioni alisimama mbele ya gereji akapiga honi. Mkono ndio uliopiga. Kichwa kilikuwa mbali. Sauti ilipokatika ndipo alipokumbuka, na aibu ikampanda shingoni kama mtu aliyemwita marehemu kwa sauti katikati ya watu. Akashika kitasa ashuke.

Mlango ukapanda. Ulipanda taratibu, bila kelele, mpaka juu. Kisha, kutoka ndani: ko-ko.

Ndani hamkuwa na mtu. Yalikuwamo makopo ya rangi iliyokauka, baiskeli ya utotoni ya binti na kiti cha plastiki chenye ufa, basi.

Mwenye akili angerudi nyuma kwa gia ya haraka. Usimcheke. Huenda wewe hujawahi kurudi kwenye nyumba ambamo kikombe ulichokiacha mezani asubuhi ndicho kinachokungoja jioni, palepale, mpini wake umeelekea kulekule. Nyumba hiyo ndiyo iliyomngoja Breki jioni ile.

"Ahsante, bibie," akasema kwa sauti ndogo, akaingiza gari. Nyuma yake mlango ukashuka pole pole, kama mtu anayefunika mtoto.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Asubuhi aliketi garini, akaigusa honi kidogo, mlango ukapanda. Jioni vivyo hivyo. Kwa muda nyumba ilikuwa na mtu ndani yake tena. Akaacha kula mezani. Alikibeba kile kiti chenye ufa akakiweka kando ya mlango uliofungwa, akala hapo sahani ikiwa mapajani, huku akisimulia ya kutwa: yule mama aliyechanganya breki na mafuta, yule kijana aliyesalimia kila msichana barabarani mpaka akagonga pipa la taka. Akinyamaza katikati ya kisa, bati liligongwa mara moja, ko, kama mtu asemaye, enhe, ikawaje? Naye akaendelea.

Wageni walikoma. Jirani aliyekuja kuazima ngazi alihudumiwa dirishani. Rafiki aliyetaka kumtoa akanywe chai akaambiwa nipo kazini, siku ya mapumziko. Watu wakasema Breki kazidi ukali, wakamwacha na ukali wake.

Kulikuwa na mambo madogo, na Breki aliyaona, tena vizuri sana. Jicho lake lilikuwa la kuona kosa kabla halijatendeka. Kulikuwa na harufu, kwanza. Mkewe alinukia sabuni na vitunguu. Gereji ilianza kunukia chuma kilicholowa, ile harufu inayobaki kiganjani ukishika sarafu muda mrefu. Kulikuwa na pumzi. Mlango ukipanda, kitu huko juu kilivuta pumzi ya mpagazi aliyetwishwa gunia, hmmmm, ndefu, ya subira. Vumbi la chokaa lilidondoka kwenye kioo cha gari. Mlango ulipanda jioni kwa furaha na asubuhi ulipanda kwa kununa. Kila asubuhi polepole kuliko jana yake, mpaka akaanza kuchelewa na wanafunzi wakaanza kumngoja barabarani.

"Mwalimu leo kaegesha kitandani," mmoja alinong'ona.

"Nimekusikia! Tazama mbele!"

Siku moja binti alipiga simu. Alikuwa mjamzito, karibu ajifungue. "Baba, njoo ukae nasi. Hapo unamngoja nani?"

Breki alikuwa kitini pake gerejini. "Nitaona, mwanangu."

Juu yake bati likalia, krrrr, kama jino linalosagwa usingizini. Kesho yake asubuhi mlango ulipanda mpaka usawa wa boneti, ukasimama. Honi ya pili haikuusogeza. Breki akashusha kioo.

"Nitarudi jioni," akasema. "Nirudi wapi kwingine, bibie? Nitarudi."

Ukapanda.

Binti hakungoja jibu la simu. Alikuja bila taarifa, tumbo mbele na mkoba nyuma, baba yake akiwa kazini. Alitaka kupata mwanga gerejini apange vitu. Akauvuta mlango, haukutikisika. Akamwita fundi wa milango aliyekuwa na kibanda chake mtaa wa pili. Breki aliporudi mchana huo kula, aliwakuta wawili hao nje, fundi akiwa mwembamba mwenye penseli sikioni, amesimama mikono kiunoni.

"Baba, shikamoo. Mlango wako umekufa."

"Marahaba. Mlango wangu mzima! Nani kakuambia uite fundi? Mafundi hawa wakikosa ugonjwa wanauleta na begi."

Fundi hakukasirika. Alimpitisha mlango mdogo wa ndani akamwonyesha juu. Pale kizingitini, kwenye ufito mrefu wa chuma, palikuwa na springi mbili nene. Kila moja ilikuwa imekatika katikati. Katikati ya vipande ungeweza kupitisha ngumi.

"Mzee wangu, mlango hauinuliwi na mkono," alisema fundi. "Huinuliwa na springi. Ukiufunga, springi inakazwa. Ukiufungua, inakurudishia nguvu yako. Wewe unasindikiza tu. Lakini springi ni kama binadamu, kila siku inachoka kidogo. Haijazaliwa springi inayozidi kupata nguvu. Huanza kulia, kisha mlango unakuwa mzito, kisha siku moja, pwaa! kama bunduki. Hukusikia mlio?"

"Sikusikia kitu."

"Basi ulikuwa msibani au safarini, maana hata kiziwi angeruka. Tazama mpasuko wenyewe. Una kutu mpaka ndani. Hizi zimekatika miezi mingi."

"Leo asubuhi nimetoka na gari!"

"Kwa kupitia wapi, dirishani?" Fundi akacheka, kisha akaona uso wa mzee akaacha. "Inua, basi. Nijue mimi ndiye mwongo."

Breki akainama. Kwa mara ya kwanza maishani mwake akaushika mlango ule chini na kuuvuta. Ulikuwa kama kuvuta ukuta. Mishipa ya shingo ikasimama, goti likalia, na mlango haukupanda hata upana wa kidole. Fundi alikuwa anatazama. Binti alikuwa anatazama. Breki hakuwahi kukubali kuitwa mwongo mchana kweupe, na hasira ikamfanya afichue alichokuwa amekificha miezi yote.

"Tokeni nje," akasema. "Njooni mwone."

Akaingia garini. Akapiga honi.

Mlango ukapanda, laini, mpaka juu. Hmmmm, ikasema ile pumzi. Kisha: ko-ko.

Spana ya fundi ikaanguka chini. Hakuiokota.

"Baba," binti akanong'ona. "Nani yuko ndani?"

Fundi akasogea mpaka kizingitini, akachungulia juu bila kuingiza miguu. "Waya zimelegea," akasema polepole. "Zinaning'inia tu, hazivuti kitu. Mlango umekaa hewani. Na pale darini, mzee... mmepaona?"

Mwanga wa mchana ulikuwa umeingia gerejini. Darini chokaa ilikuwa imesuguliwa mpaka saruji ikaonekana, mahali papana, kama ukuta unavyosuguliwa na migongo ya watu wanaouegemea kila siku. Na chini yake, katika sakafu, palikuwa na mabonde mawili mapya, marefu kuliko nyayo za mtu. Ukiunganisha doa la juu na mabonde ya chini kwa macho, uliona umbo la aliyekaa hapo: mrefu kuliko chumba, ameinama, mgongo umeganda darini na mlango uko mabegani.

Binti alisahau woga akapandwa na hasira. Hakuwa binti wa Breki bure. Akaenda mpaka chini ya mlango, pembeni, akaelekea ulipo mlango mdogo. "Nachukua mkoba wangu na nguo zako. Baba, leo hii unaondoka na mimi. Nyumba hii utaiacha, umesikia? Hurudi tena!"

Pumzi ikakatika. Breki, bado yuko nyuma ya usukani, aliusikia ukimya huo kabla ya kuona chochote, na katika ukimya huo akajua, kama ajuavyo mguu wa mwanafunzi unapotaka kukosea, kwamba mzigo unatuliwa. Alikuwa amefundisha maisha yake yote kukanyaga breki. Akakanyaga mafuta. Gari likaruka mbele, mlango ukaanguka kwa kishindo kilichopasua kioo, ukakita juu ya paa la gari, na pembeni, katika nafasi ile ndogo iliyobaki, binti alikuwa amechuchumaa, mikono yote miwili tumboni. Fundi akamvuta nje kwa mabega.

Alikuwa mzima. Baba yake akatoka kwa kupenya mlango wa nyuma wa gari, akaja kumshika mkono.

"Springi nitaleta," fundi akasema, akihema. "Hiyo kazi yangu. Lakini huyu aliyebeba anahitaji fundi mwingine. Nina mama mkwe. Mimi mwenyewe namwogopa. Kesho asubuhi nitakuja naye."

Binti alilala kwa jirani. Alimbembeleza baba yake waende wote, akakataa. Alisema gari limenasa, hawezi kuliacha wazi. Ukweli ni kwamba alitaka kuaga. Akaketi sebuleni bila kuwasha taa, na muda si muda likaanza, kule nyuma ya ukuta, ko, likanyamaza, ko, likanyamaza, likiuliza ikawaje, ikawaje leo, mbona husimulii, na yeye akaziba masikio na bado akalisikia kwenye mifupa ya viganja, na harufu ya chuma ikapita chini ya mlango mdogo ikaja mpaka miguuni pake kama mbwa anayetaka kusamehewa, na jambo lililomtisha kuliko giza, kuliko lile umbo lililoinama, kuliko mlango ulioanguka juu ya mjukuu ambaye hajazaliwa, ni kwamba mdomo wake ulikuwa umeshafunguka, na kisa cha siku hiyo kilikuwa tayari ulimini.

Akauma ulimi mpaka kukakucha.

Mama mkwe wa fundi alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, na watu walimwita Bi Taratibu. Hakuja na manyanga wala ubani. Alikuja na mkoba wa sokoni, akaomba kiti, akakipima kile chenye ufa kwa mkono, akakikataa, akaletewa kingine.

"Uliliitaje?" akamuuliza Breki.

"Sikuliita. Nilipiga honi tu."

"Ndiyo kuita huko. Likafungua. Ukasema nini?"

Breki akainamisha kichwa. "Ahsante."

"Ahsante nani?"

"Ahsante, bibie."

Bi Taratibu akavua miwani, akaifuta. "Kuna vitu havina kwao, baba. Vinazunguka vikitafuta pa kushika. Kikipata kazi kinatulia, na kikishukuriwa kinahamia. Wewe umekipa kazi, umekipa shukrani, na umekipa jina la marehemu wako. Kila jioni unakisimulia hadithi. Sasa unashangaa nini kikitaka kukuweka?"

"Kilinisaidia," alisema Breki, na sauti yake haikuwa na breki hata moja. "Nilikuwa peke yangu."

"Najua. Na chenyewe pia." Akaivaa miwani. "Kwa hiyo hatukitukani. Kazi yake tunaikabidhi chuma. Lile jina utalichukua mwenyewe, kwa mdomo wako. Mimi siwezi, mkwe wangu hawezi. Ukishindwa, binti yako asikanyage tena hapa, wala mjukuu wako."

Fundi akafanya kazi huku akiimba kwa woga. Wakaliondoa gari kwa jeki, na mlango ukabaki juu, bado umebebwa na yule asiyeonekana. Akafungua springi za zamani, akafunga mpya mbili. "Siku zote badilisha mbili," alimwambia Breki, ili kusikia sauti ya mtu. "Ukibadilisha moja, ile nzee itakufa kesho na kuiua mpya kwa uzito. Na usijaribu mwenyewe, mzee. Ikikuponyoka hii inavunja mkono." Akachomeka vyuma vyake viwili vya kukazia, akaanza kuzungusha. Springi ikalia, ikakaza. Na juu yao, polepole, mtu angeweza kuona mlango ukigawa uzito wake baina ya wawili, chuma na yule mbebaji.

"Sasa," alisema Bi Taratibu. "Kabla hajamaliza kukaza. Sema."

Breki akasimama chini ya lile doa la darini. Akafungua kinywa.

Ko-ko.

Ilikuwa pete. Chuma kwa bati, ule mlio mdogo wa kila jioni, sauti ya sufuria iliyoachwa motoni na vicheko vya miaka. "Ni yeye," akasema. "Bibi, ni yeye. Mnaisikia? Ni pete yake."

"Pete yake iko wapi?" akauliza Bi Taratibu.

Binti, akiwa amesimama uani mbali na mlango, aliinua mkono wake wa kushoto. Kidoleni, imekaza kidogo kwa uvimbe wa mimba, ilikuwamo pete ya mama yake.

Ko—

Ikakatika nusu. Ukimya uliofuata ulikuwa wa mtu aliyeshikwa na uongo mdomoni.

"Wewe si mke wangu," alisema Breki. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Mke wangu amekufa. Umefanya kazi, nimekuona. Kazi imekwisha. Tua mzigo, uende."

Fundi akakaza mzunguko wa mwisho. Kitu kikavuta pumzi ndefu, kisha kikaitoa, na ile pumzi ikapita kati yao ikinukia sarafu, ikaelekea barabarani kwa mwendo wa kibarua aliyeachishwa kazi, bila haraka. Vumbi la chokaa likadondoka. Mlango ukabaki palepale juu, umeshikwa na chuma peke yake.

Kabla ya kuondoka, fundi alimfundisha Breki kipimo. "Inua mlango mpaka kiunoni, kisha uachie. Ukibaki palepale, springi ni nzima. Ukishuka, zimechoka, niite."

"Na ukipanda?"

"Haupandi. Nimezikaza springi zilingane na uzito wake. Nilishakuambia, springi huchoka, hazizidi nguvu."

Breki akaenda kwa binti. Mjukuu akazaliwa, wa kike, mwenye sauti ya kufokea mtaa mzima, na watu wakasema huyo ni Breki mdogo. Alimpakata. Alicheka. Lakini nyumba ya mkwe si ya kuota mizizi. Chumba kilikuwa kimoja cha ziada, na mkwe mwenyewe alianza kukohoa kila akitaka kupita sebuleni. Baada ya muda mzee akaaga, akarudi kwa wanafunzi wake.

Akaacha honi. Jioni alishuka garini, akauinua mlango kwa mikono yake miwili, na kila mara alifanya kile kipimo: kiunoni, anaachia, anatazama. Mlango ulibaki palepale. Ulikuwa mwepesi mno, na wepesi huo ulimwudhi. Hakuna kitu kipweke kama mlango uliotengenezwa vizuri. Haukuhitaji, haukuulizi, haukusemi. Aliingiza gari, akapita mlango mdogo kwenda ndani, na kikombe kilikuwa mezani, mpini wake umeelekea kulekule.

Mvua zikaanza. Jioni moja mwanafunzi alikuwa amegonga nguzo, binti alikuwa hapokei simu kwa sababu ya mtoto, na ilikuwa tarehe ileile aliyofunga ndoa, siku ambayo duniani sasa aliikumbuka yeye tu. Alisimamisha gari, taa zikiwaka, akashuka kwenye mvua. Akauinua mlango mpaka kiunoni. Akaachia.

Ukabaki. Maji yalimtiririka usoni. Akatazama mikono yake, akatazama bati, na akabaki kuangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kama mtu anayengoja kuulizwa habari za kutwa.

Kisha mlango, polepole, kwa adabu, bila mtu kuugusa, ukaanza kupanda.

Ulipanda mpaka juu. Ndani palikuwa na giza ambalo taa za gari hazikulifikia mwisho. Hapakuwa na ile harufu ya chuma. Palikuwa na harufu ya sabuni, na nyuma yake, kwa mbali, vitunguu. Na bati likagongwa, ila safari hii halikuwa chuma kwa chuma. Ilikuwa ncha ya kidole kitupu, laini, ya mtu aliyeambiwa kosa lake akalisahihisha.

Breki alisimama mvuani. Simu ilikuwa mfukoni. Kibanda cha fundi mtaa wa pili kilikuwa bado kina taa. Alijua la kufanya, alilijua kama alijuavyo jina lake. Kisha yeye, aliyefokea watu maisha yake yote kwamba usiingize gari mahali ambapo hujamwona aliye mbele yako, hata kama ni kwenu, akarudi garini, akatia gia, akaingia.